Nilikataa Lini, Daktari?

Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, mjane, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, hapa Karungu katika kaunti ya Migori. Wanaonijua huniita Min Odhiambo, yaani mama yake Odhiambo, kwa sababu huyo ndiye kifungua mimba wangu. Jina langu lenyewe halina haja hapa. Haya ninayowaeleza, wasomaji wenzangu, nayaeleza kwa uchungu, na mkisikia maneno yangu yana moto mnivumilie... bado nina hasira!

Naam, hasira. Watu hudhani mgonjwa wa kansa kazi yake ni kulia na kumwomba Mungu tu. Nimelia, na nimeomba pia. Lakini kuliko yote hayo nimekasirika, na nikimaliza kusimulia mtanihukumu wenyewe kama nina haki au sina.

Mume wangu alitutoka kitambo. Aliumwa tumbo, akapelekwa hospitali, akapasuliwa, na hakuamka tena. Odhiambo wakati huo alikuwa kidato cha tatu. Ndiye aliyekuwa amesimama mlangoni pa wodi siku hiyo, na ndiye aliyekuja kuniletea habari. Nilibaki na yeye na dada zake wawili wadogo.

Ndugu za marehemu walitaka nirithiwe na shemeji yangu mkubwa, kama ilivyo desturi. Nilikataa. Nikaingia ufukweni nikauza omena. Nilianika, nikapepeta, nikapima kwa gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili, nikapeleka magunia mpaka Isebania kule mpakani, ambako nilibishana bei na wanaume wenye sauti nzito hadi wakanibandika jina la Mama Sikubali. Kwa biashara sikuwa mwoga wa kufungua mdomo, hata kidogo! Odhiambo akasoma, akawa mwalimu, akapata kazi Mbita na akaoa huko. Wasichana nao wakaolewa. Nikasema sasa Mungu amenipumzisha.

Kumbe!

Siku moja nikioga mkono ulipita kwenye titi la kushoto ukagusa kitu kigumu, kama kokwa ya zambarau. Hakikuuma. Lakini kanisani kwetu, muuguzi mmoja alikuwa ametufundisha sisi kina mama jinsi ya kujipapasa, akatuonya kwamba kisichouma ndicho cha kuogopwa. Sikungoja. Wiki hiyo hiyo nilikwenda kwenye kituo cha afya hapa kwetu, nao wakanituma Homa Bay, kwenye hospitali moja ambayo sitaitaja. Huko walinichoma sindano nene wakatoa kipande cha nyama kwenda kupimwa, wakaniambia nirudi kuchukua majibu.

Mnaona? Niliwahi! Wagonjwa wengi huulizwa, "Mama, ulikuwa wapi siku zote?" Mimi hakuna wa kuniuliza hivyo. Nilifanya kila walichosema wanawake tufanye. Ndiyo maana hasira yangu haiishi.

Siku ya majibu Odhiambo aliomba ruhusa shuleni akaja kunisindikiza. "Hawa madaktari wanaongea Kizungu kingi, mama," aliniambia. "Wacha mimi niwe nikisikia." Nilijisikia fahari. Nani asingejisikia fahari? Nilikuwa nimemsomesha kwa omena, na leo anaingia na mimi kwa daktari akiwa na shati lililopigwa pasi na kalamu mfukoni.

Daktari alikuwa mtu mzima mwenye miwani. Aliniuliza, "Mama, hujambo?" Nikajibu, "Sijambo." Basi! Hayo ndiyo maneno pekee tuliyosemezana mimi na yeye siku hiyo kuhusu maisha yangu. Aligeuza kiti akamtazama mwanangu, wakaanza Kizungu chao. Kizungu changu ni cha kuuzia samaki, hakifiki mbali. Lakini kansa ni kansa kwa lugha zote. Niliisikia. Masikio yakaziba, ikawa kama chumba kimejaa maji.

Nilitaka kuuliza. Ulimi ulikuwa mzito. Kisha daktari akasema kwa Kiswahili kizuri kabisa, "Mama, tusubiri pale nje kidogo, nizungumze na kijana."

Nikainuka! Mimi, Mama Sikubali, niliyezoea kumfuata mtu hadi kwenye lori lake kwa sababu ya gorogoro moja iliyopungua, niliinuka kama mtoto aliyefukuzwa darasani nikaenda kukaa kwenye benchi. Niambieni, ni ugonjwa wa nani uliokuwa ukijadiliwa mle ndani? Na Kiswahili kile alichonitolea nje, mbona hakukitumia kunieleza?

Odhiambo alitoka macho yamemwiva. Alinishika mkono mpaka tukafika kituo cha magari. "Ni kansa, mama," aliniambia. "Lakini ni ile ndogo. Nitarudi mwenyewe wiki ijayo kuchukua dawa. Wewe nenda ukapumzike."

Alirudi kweli, akaniletea vidonge hadi Karungu. Nilimuuliza kama watanikata. Akatikisa kichwa. "Daktari amesema hakuna haja ya kisu. Meza hizi kila siku usiruke."

Nilipiga magoti palepale sebuleni nikamshukuru Mungu! Nilichinja kuku. Mwanangu alikula kidogo sana siku hiyo. Niliona, lakini nilidhani ni uchovu wa safari.

Nilimeza vidonge vile kama Sala ya Bwana, asubuhi baada ya asubuhi. Vikiisha Odhiambo huniletea vingine. Nikisema nataka kwenda kliniki mwenyewe, ananizuia. "Safari ndefu, mama, na foleni ya kule utakaa kutwa. Mimi nikifika wananijua." Nami nilikubali. Mtoto anayekuhurumia hivyo utamkatalia vipi?

Lakini uvimbe haukuwa na habari na vidonge. Ulikua. Kokwa ikawa limau. Ngozi ikavutika ikawa na vitundu kama ganda la chungwa. Kwapani nako kukaota vinundu. Nilimpigia Odhiambo simu nikamweleza yote. Siku chache baadaye akanijibu kwamba ameuliza, na daktari amesema ni dawa inafanya kazi, inakusanya uchafu mahali pamoja kabla ya kuutoa.

Nikaamini. Mwenye maneno ni mwanangu, tena mwalimu, na aliyoyasema yametoka kwa daktari... ningemkosoa nani hapo?

Shemeji yangu mkubwa naye hakulaza damu. Alikuja nyumbani na wazee wawili wakakaa wakaniambia ugonjwa huu si wa hospitali, ni chira, laana ya kuvunja miiko, kwa sababu nilikataa kurithiwa. Aliniletea mitishamba ya kuchemsha, michungu kama nyongo. Nikanywa ili nipate amani kwenye boma. Nilikunywa asubuhi na jioni juu ya vile vidonge, na hakuna mtu wa hospitali aliyejua, kwa sababu mimi hospitali nilikuwa siendi! Nani angeniuliza?

Kisha titi likapasuka.

Sitaeleza kila kitu. Nilikuwa nikifunga vitambaa chini ya blauzi, nikijifukiza, nikijipaka mafuta ya nazi. Harufu ilinishinda. Wanunuzi wangu wa zamani walianza kupita meza yangu wakienda kwa jirani, wakinisalimia kwa mbali na tabasamu la haraka haraka. Kanisani siku ya Sabato kina mama walisogea, mmoja baada ya mwingine, mpaka nikabaki peke yangu kwenye kiti cha watu wanne. Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana! Mjukuu wangu, mtoto wa Odhiambo, alikuja likizo akaninusa, akaniita Dani, yaani bibi, akauliza kwa sauti, "Dani, ni nini kimeoza?" Mama yake alimvuta nje. Nilisikia mtoto akilia na nikatamani ardhi inimeze.

Wakati huo Odhiambo aliitwa Nairobi kusahihisha mitihani. Vidonge vyangu vikaisha akiwa huko. Nilimpigia nikamwambia nitakwenda kuchukua mwenyewe. Alishtuka mno.

"Usiende, mama! Ningoje. Utachanganyikiwa huko peke yako."

"Nimechanganyikiwa Isebania mara ngapi?" nilimuuliza.

"Mama, tafadhali. Ningoje nirudi."

Kulikuwa na kitu kwenye sauti yake. Wakati ule nilidhani ni huruma. Nilifunga kidonda changu vizuri, nikajitanda leso mbili, nikaenda Homa Bay.

Kwenye benchi la kliniki nilijisogeza pembeni kabisa karibu na dirisha, ili harufu itoke. Mwanamke mmoja mnene akaja akakaa ubavuni kwangu, pu! Alikuwa Mkuria wa kutoka Kehancha, anaitwa Robi, anauza mahindi, na kansa yake ilikuwa ya kizazi. Haya yote aliniambia kabla sijamuuliza.

"Hiyo ni kidonda?" aliniuliza. "Usione haya, dada yangu. Hapa sisi wote tunanuka kitu."

Nilicheka bila kutaka. Sikuwa nimecheka kwa muda mrefu.

Akaniuliza kansa yangu imefika hatua gani. Nikamwambia sijui. Akauliza walisema nini kuhusu kupasuliwa, nikamwambia walisema hakuna haja. Akauliza nani alisema. Nikajibu, "Daktari alimwambia mwanangu."

Robi alinitazama kama nimemwambia ng'ombe ametaga yai. "Kwani hiyo titi ni ya mwanao?"

Swali hilo lilinichoma. Nilimkasirikia, nawaambia ukweli. Nikamwona mwanamke mjuaji, asiye na adabu. Alipoitwa ndani aliacha mlango wazi, na nilimsikia akimkatiza daktari waziwazi: "Ngoja, ngoja. Hapo sijashika. Rudia polepole." Baadaye kidogo: "Hiyo dawa mpya, ikinitapisha nikuje ama nikae?" Nikafikiri, huyu atafukuzwa. Hakufukuzwa. Daktari alirudia, tena kwa upole.

Ikafika zamu yangu.

Nilimkuta daktari msichana, mdogo kuliko binti zangu. Alifungua vitambaa mwenyewe, hakuziba pua. Alipapasa kwapa, akapapasa shingo. Kisha akakaa akaniangalia usoni.

"Mama," alisema, "naomba kuuliza bila kukulaumu. Kwa nini ulikataa upasuaji?"

Sikuelewa. "Upasuaji gani?"

"Ule wa kuondoa titi. Ulipopimwa, ugonjwa ulikuwa bado mdogo. Ulipangiwa kupasuliwa halafu ufuate dawa zingine. Wewe ukakataa, ndiyo ukapewa vidonge peke yake."

"Nilikataa lini, daktari?"

Akafunua tena faili.

"Nakuuliza! Nilikataa lini? Nani alinisikia?"

Nilikuwa nimesimama bila kujijua, kifua wazi, leso sakafuni. Aliniomba nikae. Akatoka, akarudi na yule daktari mzee mwenye miwani. Alinikumbuka. Zaidi yangu, alimkumbuka mwanangu.

"Kijana wako alirudi wiki iliyofuata," alisema. "Alisema mmeketi kama familia na wewe umekataa katakata. Alisema umeapa ni afadhali ufe na mwili mzima."

Wasomaji wenzangu... mmesikia hayo? Nife na mwili mzima! Sijawahi kusema neno kama hilo tangu nizaliwe. Nilipewa sauti ambayo si yangu, ikakataa uhai wangu, mimi nikiwa Karungu nachinja kuku kwa furaha!

"Na wewe uliamini?" nilimuuliza.

"Aliongea vizuri, mama. Ni mtu aliyesoma. Na wagonjwa hapa ni wengi."

"Siku ya kwanza nilikuwa hapo nje. Hapo kwenye benchi! Ungefungua mlango tu ungeniona. Mbona hukuniuliza mimi mwenyewe?"

Alivua miwani akaifuta. Alitaka kusema jambo kuhusu wingi wa kazi, akaliacha katikati. Mwisho akasema taratibu, "Nilipaswa kukuuliza wewe. Hapo nilikosea."

Ni neno zuri, kukosea. Fupi. Yeye akilisema anarudi kwenye kazi yake. Mimi nikilisikia narudi na kidonda changu.

Yule daktari msichana alibaki na mimi. Alivuta kiti chake karibu, akachora titi na kwapa kwenye karatasi, akanionyesha ugonjwa ulipoanzia na ulipofika. Kwa Kiswahili! Kumbe yanaelezeka! Kumbe siku zote yalikuwa yanaelezeka! Vile vidonge, akasema, havikuwa vibaya, lakini peke yake vilikuwa kama kuziba paa kwa kiganja wakati wa mvua. Na hakuna aliyewahi kusema habari ya dawa kukusanya uchafu. Hilo nalo lilitungwa.

Akaniuliza kama kuna dawa nyingine ninayotumia. Nikajibu hapana. Mitishamba ilinijia akilini nikaogopa atanigombeza. Nilikuwa nimeshafika mlangoni nilipomwona Robi kule nje akinipungia mkono, nikakumbuka alivyokuwa akiuliza bila aibu. Nikarudi. "Iko," nilimwambia. "Nakunywa miti ya kuchemsha." Hakunigombeza. Aliniomba niache kwanza, kwa sababu dawa kali anayotaka kunipa hupita kwenye ini na figo, na hajui miti ile imezifanya nini. Aliagiza nipimwe damu. Ini lilikuwa limechoka. Tulilazimika kungoja lipate nafuu kabla ya kuanza matibabu. Muda mwingine umepotea hapo!

Odhiambo aliporudi kutoka Nairobi sikumngoja aje Karungu. Nilimfuata nyumbani kwake Mbita mchana wa Jumapili. Mkewe alinikaribisha, akaona uso wangu, akawatoa watoto nje na kubaki amesimama karibu na mlango wa jikoni.

Sikukaa. Nilimuuliza mwanangu swali moja tu. "Mimi nilisema nataka kufa na mwili mzima?"

Alijua. Hakujaribu hata kukana. Uso ulimwanguka.

"Nilimwambia akuambie, mama," mkewe alisema kule nyuma. "Kila mara nilimwambia."

"Nyamaza wewe!" Odhiambo alimfokea. Kisha akanigeukia akiwa analia, mwanamume mzima mwenye ndevu. "Mama, mimi ndiye niliyemwona Baba. Aliingia akitembea kwa miguu yake. Akatoka amefunikwa shuka. Ulitaka nikupeleke huko huko? Ulitaka nisimame tena kwenye mlango ule?"

"Baba yako aliulizwa," nilimjibu. "Daktari alimuuliza, akaogopa, akafikiri usiku kucha, asubuhi akasema ndiyo kwa mdomo wake mwenyewe. Alikufa, lakini alikufa kwa uamuzi wake. Mimi ulinipora uamuzi wangu!"

"Nilikuwa nakulinda."

"Na ile ya uchafu kukusanyika mahali pamoja? Hiyo nayo ilikuwa kunilinda?"

Alisema mwanzoni alikuwa na imani vidonge vitatosha. Halafu uvimbe ulipokua aliogopa kurudi kwa daktari kukiri alidanganya, akaogopa kuniambia mimi, akawa anaongeza uongo juu ya uongo. Nilimsikiliza. Nilimwelewa hata. Mtu anaweza kumwelewa mtu na bado akatamani kumzaba kofi! Niliondoka bila kunywa chai ya mkamwana wangu, jambo ambalo sijawahi kulifanya.

Matibabu yakaanza. Kemo kwanza, ile dawa kali, ili kupunguza kile kitu mpaka kiweze kukatwa. Nywele zilikwenda, kucha zikawa nyeusi, chakula kikawa na ladha ya msumari. Baadaye nikapasuliwa. Wakati ule mwanzoni wangetoa titi wakaishia hapo. Sasa walitoa titi, wakakwangua kwapa, na mkono wangu wa kushoto umevimba hadi leo, siwezi kuinua karai la omena.

Baada ya upasuaji mgongo ukaanza kuuma. Safari hii sikumeza dawa za maumivu na kunyamaza. Nilikwenda nikasema: unauma hapa, hivi, zaidi nikilala. Wakapiga picha. Kansa ilikuwa imefika kwenye mifupa.

Daktari msichana aliniuliza kama nataka kujua yote, na kama nataka mtu awe nami. Odhiambo alikuwa nje, kwa kuwa ndiye anayenileta siku hizi. Nikasema aingie, lakini akae kimya. Akaingia. Nikauliza, "Nitapona?"

"Hatutaweza kuiondoa yote, mama. Tunaweza kuishikilia, na tunaweza kukupunguzia maumivu. Kwa muda gani, siwezi kukuapia."

"Ningepasuliwa ule wakati wa kwanza?"

Alimtazama mwanangu, akanitazama mimi. "Siwezi kuapa hilo pia. Lakini nafasi yako ya kupona ilikuwa kubwa."

Odhiambo alitoa sauti kama mtu aliyepigwa ngumi kifuani. Sikugeuka kumtazama. Bado nilikuwa na maswali, na ule ulikuwa wakati wangu wa kuuliza.

Watu huniuliza kama nimemsamehe. Mchungaji wangu ndiye huuliza zaidi. Ni mwanangu... nitamtupa wapi? Ananileta kliniki, ananinunulia matunda, analipa mtu wa kunisaidia kuanika omena. Kuna siku namtazama akiniinamia kunivalisha viatu na moyo unayeyuka. Kuna siku nyingine mkono unaniuma mpaka machozi, yeye anauliza, "Mama, nikusaidie nini?" na mimi nataka kupiga kelele: ungenisaidia wakati ule kwa kufunga mdomo wako! Sitawadanganya kwamba yamekwisha. Hayajakwisha.

Shemeji naye bado anasema ni chira. Huyo nimemwacha na chira yake.

Robi yupo. Hunipigia simu kila nikitoka kliniki, na salamu yake ni ile ile: "Umeuliza?" Nikisema kuna nililosahau hunigombeza kama mtoto. Amenifundisha kwamba nikiambiwa kitu nisichokielewa nisikubali kwa kutikisa kichwa, niseme sijaelewa. Nikiona daktari mgeni, na hapa hubadilishwa kila mara, nimweleze mwenyewe kuanzia mwanzo, nisidhani aliyepita amemwambia. Kuna wanaonuna. Kuna muuguzi mmoja aliniambia, "Mama, wewe una maneno mengi." Nikamjibu, "Sista, nilikaa kimya kwanza. Ona kulinifikisha wapi."

Wasomaji wenzangu, wenye wagonjwa nyumbani, nawasihi... msiwe midomo ya watu ambao midomo yao bado inafanya kazi! Mwende nao, muwashike mikono, muwatafsirie kama lugha inawashinda. Lakini neno la daktari lifike kama lilivyo, na jibu la mgonjwa lirudi kama lilivyo. Hofu yako ni yako. Usiimwage kwenye maisha ya mwenzio ukaiita mapenzi.

Nanyi madaktari, mkisoma haya: mgonjwa ni yule mwenye ugonjwa. Mtazameni yeye. Akikataa, mumsikie akikataa!

Na wewe ndugu yangu uliyeambiwa jana, au utakayeambiwa kesho, kwamba una kansa, nakuomba kwa jina la Mungu, usiinuke. Ukiambiwa usubiri nje, sema, "Nitakaa hapa hapa." Uliza kansa ni ya aina gani na imefika wapi. Uliza kuna njia gani, na ukiacha hii moja itakuwaje. Sema unakunywa nini, hata kama ni cha aibu. Ukisahau, rudi mlangoni. Hakuna aliyewahi kufa kwa kumsumbua daktari. Wanaokufa kwa kunyamaza, nawaona kila wiki kwenye lile benchi.

Jumatano narudi Homa Bay. Nina swali ambalo Odhiambo amenisihi nisiliulize mbele yake. Nataka kujua mwisho wangu utakuwaje, utauma kiasi gani, na watanipa nini ukiuma. Nimemwambia kama hawezi kulisikia akae kwenye gari. Mimi nitaingia, na nitauliza.